Kamera Ndogo, Saa Yake na Foto Zetu

Tukikaa kuzungumza juu ya foto za wakimbizi, mazungumzo huanzia usoni. Mtoto analia, mama amejitwika godoro, mzee anaangalia mbali. Tunaulizana: foto hii inatuheshimu au inatuaibisha? Swali ni zuri, na mimi nimeliuliza mara nyingi. Lakini naona tunalianza katikati. Kabla ya uso kuna kamera, na kamera ina betri, ina kadi, ina saa. Anayeshika hivyo vitatu ndiye mwenye foto, hata kama uso ni wako.

Naandika kutoka Kajaga, pembeni ya barabara ya taifa nambari 4, ile inayotoka Bujumbura kwenda Gatumba na mpaka wa Uvira. Napiga foto za ubatizo, za harusi, za watoto waliomaliza shule. Natumia kamera ndogo ya mtumba, ile ya dijitali inayoingia mfukoni. Kwa hiyo maoni yangu ni ya mtu wa kazi. Hata hivyo nitaanza na kazi za wakubwa, maana huko ndiko tulikojifunza kujitazama kwa macho ya wengine.

Kazi ya kwanza ni ya Sebastião Salgado, mpiga foto wa Brazili. Mwaka 1994 alikuwa Benako, kule Ngara, Tanzania, wakati watu wa Rwanda walipovuka kwa wingi. Foto zake za watu wanaohama, za huko na za nchi nyingine nyingi, zilitoka katika kitabu mwaka 2000. Ni foto nyeusi na nyeupe, zenye mwanga kama wa kanisani. Mtu aliyelala chini ya shitingi anazitambua mara moja: moshi, mistari ya vibanda, watu wamejaa mpaka mwisho wa macho. Siwezi kusema ni foto za uongo. Lakini mwaka 2003 mwandishi Mmarekani Susan Sontag alisema jambo ambalo sisi tulistahili kulisema kwanza: watu wale hawana majina. Chini ya foto unasoma mahali na shida, basi. Aliyepiga anajulikana dunia nzima, aliyepigwa amebaki "mkimbizi."

Kazi ya pili ni ya watoto. Upande wa Gisenyi, Rwanda, kulikuwa na nyumba ya yatima iliyoitwa Imbabazi, iliyofunguliwa mwishoni mwa 1994 na mama wa Kimarekani, Rosamond Carr. Mwaka 2000 Mmarekani mwingine, David Jiranek, aliwapa watoto wa pale kamera za kutumia mara moja, akawaacha wapige wanachotaka. Foto zilisafishwa hukohuko, zikabandikwa ukutani kwenye kituo, nyingine watoto wakaziweka katika albamu zao. Baadaye ndipo zikaonyeshwa Kigali na nchi za nje. Mpangilio huo naupenda: foto ilirudi kwanza kwa aliyeipiga, ndipo ikasafiri. Tena mtoto anapiga kutoka kimo chake. Mtu mzima anayepigwa na mtoto hakazi uso kama mbele ya mgeni.

Lakini kuna kitu pale kinanikera kidogo. Kamera ya kutumia mara moja, ukimaliza filamu unaipeleka yote nzima, na haikurudii. Mtoto anajifunza kutazama, lakini hapati nafasi ya kujifunza kutunza. Mwaka 2000 sawa, kamera ya dijitali ilikuwa ghali, simlaumu mtu. Ila tabia hiyo imeendelea hata baada ya kamera kubadilika. Nimeona zaidi ya mradi mmoja ukileta kamera ndogo nzuri, vijana wakafundishwa wiki mbili, foto zikachaguliwa, kadi zikaondoka na gari. Kamera zikabaki bila chaja. Baada ya miezi mitatu zilikuwa vitu vya kuchezea watoto.

Kazi ya tatu inatoka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Martina Bacigalupo ni Mwitaliano aliyeishi miaka mingi hapa Burundi. Akiwa Gulu aliingia Gulu Real Art Studio, studio ya zamani kuliko zote za mji ule, akakuta foto za ajabu. Watu wamekaa vizuri kwenye kiti, wamevaa, mikono iko magotini, lakini mahali pa uso pana tundu la pembe nne. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa. Mashine ya foto za pasipoti ilikuwa inatoa nne kwa mara moja, na wateja wengi hawakuhitaji nne. Basi studio ilipiga foto ya kawaida, ikakata uso, mteja akaenda nao kwenye ofisi yake. Mwili ukabaki studio. Bacigalupo alizikusanya zile zilizobaki, na mwaka 2013 zikatoka katika kitabu chenye jina la studio.

Kwangu mimi, kati ya kazi hizi tatu, hii ndiyo inayotusema zaidi. Hakuna aliyekaa kwenye kiti kile ili ahurumiwe. Kila mtu alikwenda kutafuta karatasi: kitambulisho, mkopo, kuandikishwa. Ofisi inataka uso tu. Haitaki kuona shati ulilopiga pasi, wala mkono unaomshika mtoto asidondoke. Sisi tuliopanga foleni za kuandikishwa tunajua jambo hilo bila kufundishwa. Hata hivyo ninauliza: vipande vilivyobaki vilisafiri mpaka kwenye kuta za New York, na nyuso zikabaki zimebandikwa kwenye karatasi za Gulu. Je, mtu yule akitaka foto yake nzima leo, aende wapi?

Kwa hiyo kazi tatu zinaniachia maswali matatu. Jina liko wapi? Kamera ilibaki kwa nani? Foto nzima anayo nani? Maswali haya hayajibiwi na jicho zuri la mpiga foto. Yanajibiwa na vitu vidogo ambavyo hakuna anayeviweka kwenye maonyesho. Ndiyo maana nataka tuongee juu ya kamera ndogo.

Najua mtu ataniambia: "Bwana, achana na hayo makopo, simu inatosha." Ni kweli, simu nyingi za leo zinapiga vizuri kuliko kamera yangu, hasa gizani. Watengenezaji wenyewe wanajua. Mwaka 2010 viwanda vilipeleka sokoni kamera za dijitali zaidi ya milioni 120, na kufikia 2021 zilikuwa chini ya milioni 10. Ndio sababu hizi ndogo zinatufikia kama mitumba, bila vipuri, mara nyingine bila chaja. Lakini tuangalie maisha yetu. Simu ndiyo pesa, ndiyo namba za ndugu, ndiyo ujumbe wa nyumbani. Siku ya njaa inauzwa, siku ya kuvuka inanyang'anywa, na foto zinakwenda nayo. Kamera ndogo ina kadi unayoitoa na kuifunga kwenye kona ya kitenge. Nyingi za zamani hazirekodi mahali ulipo, na kwa mtu anayejificha hilo ni jambo kubwa. Tena foto ukiituma kwa WhatsApp kama foto ya kawaida, inapunguzwa ukubwa na ile taarifa ya ndani, ya siku na saa ya kupigwa, inafutwa. Aliyepokea anaona uso, hajui lini.

Hilo "lini" ndilo linaloniuma. Hapa kwetu maji hayana adabu. Mwaka 2020 Rusizi ilivunja kingo na Gatumba ikazama. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda, likaingia majumbani. Halafu 2025 watu wengi wakavuka kutoka Kivu, wengine na foto moja tu ya nyumba waliyoiacha. Kila mahali tunaulizwa: ulipoteza nini, siku gani, mlikuwa wangapi? Foto peke yake haimalizi swali, lakini inasaidia neno la mtu lisimame.

Mama mmoja jirani yangu alinionyesha foto nne za maji ndani ya nyumba yake. Zilipigwa na kijana aliyeazima kamera ndogo. Ni foto nzuri kweli: kitanda kimepandishwa juu ya matofali, sufuria zinaelea, alama ya tope ukutani. Chini kulia, kwa rangi ya machungwa, pameandikwa 01.01.2008.

Akaniuliza, "Mwanangu, mashine inasema uongo?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Inasema ilichoambiwa. Hapa hakuna aliyeiambia kitu."

"Sasa mimi mwaka huo nilikuwa bado kwetu. Nyumba hii haikuwepo. Nani ataniamini?"

Sikuwa na jibu la haraka, maana tarehe ile iliyochapwa juu ya foto haitoki. Lakini ninaweza kueleza inatokeaje, ili isitokee kwa mwingine. Ndani ya kamera kuna kibetri kidogo sana kinachoshikilia saa. Kinapata nguvu kutoka kwa betri kubwa. Ukiacha kamera bila betri kubwa, au na betri iliyokufa, kwa siku kadhaa au wiki kadhaa, kile kidogo nacho kinaisha. Siku ukiiwasha tena, kamera inakuuliza tarehe. Mtu mwenye haraka anabonyeza sawa, sawa, sawa, anaendelea. Kamera inarudi tarehe ya kiwandani, mara nyingi Januari mosi ya mwaka fulani wa zamani. Kuanzia hapo kila foto ni shahidi mwenye cheti kibaya.

Dawa yake ni ndogo. Kila ukibadilisha betri, angalia tarehe na saa kabla ya kupiga. Burundi na Kivu tuko saa moja. Ukienda kambi za Tanzania kama Nyarugusu, wao wako mbele yetu kwa saa moja. Halafu fanya hivi: foto ya kwanza ya kazi yoyote iwe ya karatasi. Andika kwa kalamu nene siku, mahali na jina la anayepigwa. Hata saa ya kamera ikikosea, karatasi inaongoza foto zinazofuata. Na jina lililokosekana Benako linapatikana hapo, kwa bei ya karatasi moja ya daftari. Akikubali, lakini. Wapo ambao jina lao kuandikwa ni hatari. Huyo muachie jina lake, andika namba, na namba ile ajue yeye na wewe.

Betri nazo zina tabia zao. Kuna kamera zinazokula betri mbili za kawaida, zile za redio na tochi. Hizi zinafaa kambini kwa sababu betri inapatikana dukani. Ila zile za bei ya chini kabisa kamera inazimaliza kwa foto chache. Ukipata za kuchaji, nunua nne: mbili kazini, mbili kwenye chaja. Kamera zenye betri bapa ya pekee ni nyepesi, lakini betri yake ikipotea au chaja ikifa, umebaki na jiwe. Kamera ikikataa kuwaka na betri imejaa, usikimbilie kusema imekufa. Toa betri, angalia vibati vinavyogusana, vifute kwa raba ya penseli, pangusa vumbi la raba lisiingie ndani, jaribu tena.

Adui wa pili ni mchanga, na Kajaga mchanga ndio ardhi yenyewe. Lensi ya kamera hizi inatoka kama konokono: vijibomba viwili vitatu vinasukumwa na mota ndogo yenye meno ya plastiki. Chembe moja ikiingia kati, mota inakwama, skrini inaandika kwamba lensi ina kosa, na kamera inajizima. Wenye Canon za zamani wanakumbuka ile alama ya E18. Mara nyingi kamera inaishia hapo, kwa sababu kuitengeneza ni ghali kuliko kununua mtumba mwingine. Kwa hiyo usiiwashe mfukoni, usiiwashe upepo ukivuma ufukweni, na lensi ikikwama usiisukume kwa nguvu. Kioo usikifute kwa ncha ya shati lenye vumbi, utakikwaruza. Peperusha vumbi kwanza kwa brashi laini, usipulize kwa mdomo maana mate yanabaki, kisha futa taratibu kwa kitambaa safi cha pamba. Unyevu wa ziwa pia unaleta ukungu ndani ya kioo. Vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vyenye punje za kukausha, usivitupe. Viweke na kamera kwenye mfuko uliofungwa, mbali na watoto.

Kadi ndiyo daftari. Kamera nyingi za kabla ya 2006 hazisomi kadi kubwa za siku hizi. Zinataka zile ndogo zisizozidi GB 2. Ukiweka ya GB 8 na kamera ikagoma, usitukane kamera, tafuta kadi ya rika lake. Kadi ikikataa kuandika, angalia kile kitufe kidogo cha pembeni, labda kimeteremka kwenye kufuli. Ukifuta foto kwa bahati mbaya, acha kupiga papo hapo. Foto bado ipo kwenye kadi mpaka nyingine iandikwe juu yake, na mtu mwenye kompyuta na programu ya kurudisha anaweza kuipata. Na usisafishe kadi yote kabla foto hazijakaa mahali pawili tofauti. Nyumba moja ikizama, nyingine ibaki.

Sasa niseme juu ya uso wenyewe, maana ni hapo ninapowakosoa hata wenzangu wa kazi. Foto zetu nyingi za ufukweni zinatoka hivi: ziwa linang'aa, mbingu nyeupe, na watu ni vivuli vyenye meno. Wengine wanacheka, ati "tumekuwa weusi mno." Hapana. Kamera inapima mwanga wote kwa pamoja, inaona mbingu inayong'aa, inapunguza, na uso unalipa. Mashine hizi zina historia yake. Kwa miaka mingi maabara za foto zilisahihisha rangi kwa kadi za Kodak zilizokuwa na mwanamke mweupe, uso wake ndio ukawa kipimo cha nyuso zote. Kwa kamera ndogo unaweza kujitetea. Wageuze watu ili mwanga uwapige usoni. Kama lazima ziwa libaki nyuma, washa flashi kwa mkono hata mchana, na usogee, kwa sababu nguvu yake inafika kama mita tatu tu. Bonyeza kitufe nusu, subiri kamera ishike uso, ndipo umalizie. Mpiga foto anayeacha uso wa bibi harusi gizani kisha anadai hela yake yote amefanya kazi nusu.

Ndugu zetu wa mashirika, maneno haya ni yenu pia, na nayasema kwa heshima. Mkitaka kuleta kamera Bwagiriza, Kavumu, Musenyi au popote, msihesabu kamera tu. Hesabuni chaja, betri ya pili, kadi mbili kwa kila moja, na hela ya kuchapa ili kila aliyepigwa apate foto yake mkononi, nzima. Chagueni mtu wa hapohapo atakayekaa na kamera mkishaondoka, na mfundisheni kuitunza kabla ya kumfundisha kupanga picha. Na kadi zikihitajika ofisini, chukueni nakala. Kadi yenyewe ibaki.

Na sisi wakaaji tusijifiche nyuma ya mashirika. Wapo kati yetu wanaopiga maiti na wagonjwa bila kuuliza, kisha wanasambaza. Wapo wanaotoza mjane hela ya foto mara mbili kwa sababu walifuta ya kwanza. Kamera kuwa ya mwenzetu hakumfanyi kuwa mwenye haki. Kumuuliza Salgado jina la mtu wa Benako ni rahisi, yuko mbali, na alifariki mwaka 2025. Kumuuliza jirani yangu mpiga foto kadi iko wapi, hiyo ndiyo kazi ngumu.

Napendekeza basi kwamba foto yoyote itakayotoka katika kijarida hiki iwe na mistari minne chini yake: nani, kama amekubali, wapi, lini, na kadi anayo nani. Kama mstari mmoja haujulikani, uachwe wazi ili msomaji aone pengo. Yule mama wa maji tumemchapia foto zake upya, na nyuma ya kila moja majirani wawili wameandika siku waliyoyaona yale maji, wakatia sahihi. Ile 01.01.2008 bado ipo pale mbele, kwa rangi ya machungwa. Nyuma ndipo ukweli ulipo, na karatasi zote nne anazo yeye.